Anayekimbia Naye Anafikiri

Vijana wenzangu, na nyinyi wakubwa wa mashirika mnaotusoma kimya kimya bila kuweka hata like, leo naomba tugombane kuhusu mpira. Sio huu wa miguu tunaopiga jioni. Nazungumzia ule wa Marekani, wa mpira wenye umbo la yai na wanaume waliovaa kofia ngumu.

Tangu wenzetu waliopata safari ya Marekani waanze kututumia klipu za ligi ya kule, NFL, ubishi ni uleule kila siku. Klipu inaingia: Lamar Jackson wa Baltimore Ravens anapita katikati ya mabeki kama sabuni inayoteleza mkononi. Nusu ya group wanapiga kelele, "Huyu jamaa anakimbia kama swala!" Nusu nyingine, hasa wale wanaojiita wajuzi, wanajibu, "Huyo ni mkimbiaji tu. Kwotabeki wa kweli anasimama, anatupa."

Mimi napinga pande zote mbili. Anayesifu mbio peke yake na anayezidharau wote wanaangalia miguu ya mtu, wanasahau kwamba juu ya hiyo miguu kuna kichwa. Na sisi, watu tulioitwa wakimbizi hata kabla hatujaulizwa majina, tungekuwa wa kwanza kuona kosa hilo.

Kwa ambaye hajawahi kuufuatilia mchezo huu, nieleze haraka. Kila timu ina watu 11 uwanjani. Timu yenye mpira inapewa nafasi nne za kuusogeza mpira yadi 10, yaani kama mita tisa. Ikifaulu, inapewa nne nyingine, hivyo hivyo mpaka ifunge au ishindwe. Kwotabeki ndiye anayepewa mpira kila nafasi inapoanza. Ana kama sekunde mbili na nusu, akibahatika tatu, za kuamua: amrushie nani, ampe mwenzake akimbie nao, au akimbie mwenyewe. Mbele yake kuna majitu matano ya kuzuia. Hayo yanarudi nyuma kidogo kidogo yakitengeneza kama ukuta wa nusu duara, na yeye anakaa ndani yake. Pale ndani wanapaita mfukoni.

Sasa wajuzi wetu wanafikiri kusimama mfukoni ni kutulia tu kama mwalimu mbele ya ubao. Hebu rudieni klipu, safari hii muangalie miguu. Kwotabeki anarudi hatua tatu au tano, na kila hatua ina mpokeaji wake: hatua ya mwisho ikigusa chini, macho yako kwa wa kwanza. Amebanwa? Macho na miguu vinageuka pamoja kwa wa pili. Naye amebanwa? Kwa wa tatu. Wakati huo huo kuna watu wa kilo 120 wanamjia kutoka pembeni. Hawaangalii, anawahisi tu. Wakizunguka kwa nje, yeye anapanda hatua moja mbele ndani ya mfuko, wanapita nyuma ya mgongo wake, anatupa. Hatua moja tu. Hiyo nayo ni kukimbia, ila haina shangwe kwa sababu ni fupi, na klipu haikatwi kwa ajili ya hatua moja.

Na kuchomoka nje ya mfuko je? Hapo ndipo watu wa "anakimbia kama swala" nao wanapokosea. Wanaona mbio, hawaoni swali lililojibiwa kabla ya mbio. Mabeki wa upande wa pili wana njia mbili kubwa za kulinda. Ya kwanza, kila beki anamfuata mtu wake. Hapo mabeki wanakimbia wamempa kwotabeki mgongo, na katikati ya uwanja panabaki peupe. Ya pili, kila beki analinda eneo lake huku uso ukiwa kwa kwotabeki. Hapo ukichomoka ovyo unakimbilia mikononi mwao, wanakusubiri kama mgeni wa harusi. Kwa hiyo anayechomoka vizuri amesoma kwanza wanalinda vipi leo, katika nafasi hii hii. Akikosea kusoma, kasi yake inamfikisha tu mapema kwenye maumivu.

Halafu kuna sheria moja ambayo inabadilisha kila kitu. Kwotabeki anaruhusiwa kutupa mpira mbele ilimradi bado yuko nyuma ya mstari pale mchezo ulipoanzia. Akishauvuka, basi, ruhusa imekwisha. Ndiyo maana wazuri wakichomoka hawainamishi kichwa. Wanakimbia sambamba na mstari, mpira mikononi, macho mbali. Na wapokeaji wao wamefundishwa: ukiona mwenye mpira ametoka mfukoni, aliye mbali arudi kumsaidia, aliye karibu akimbilie mbali. Mambo hayo yanafanyiwa mazoezi wiki nzima. Mtazamaji anayaita vurugu, kumbe ni mpango wa pili uliokuwa tayari ubavuni mwa ule wa kwanza.

Ndiyo maana nasema miguu na mkono havigombanii kazi. Timu pinzani ikiogopa miguu yako, inamtenga beki mmoja kazi yake kukuchunga wewe tu. Beki huyo sasa hayupo kusaidia kulinda wapokeaji, na pasi inapata njia. Ikiogopa pasi yako, inarudisha watu nyuma, na miguu inapata njia. Mwenye kimoja tu anazuilika. Mwenye vyote viwili anayetumia kimoja tu naye anazuilika, kwa uvivu wake mwenyewe.

Haya, tuje kwenye historia, kwa sababu neno "mkimbiaji tu" halikuanzia kwenye group yetu. Lina umri mrefu, na lina rangi.

Mwaka 1968 Marlin Briscoe, kijana mweusi, alianza kama kwotabeki wa Denver Broncos na akatupa pasi 14 za kufunga katika msimu wake wa kwanza. Mwaka uliofuata hakuwa na nafasi hiyo tena. Alikwenda Buffalo na kugeuzwa mpokeaji. Mantiki ya wakati ule ilikuwa hivi: mweusi ana mwili, mzungu ana akili, na kwotabeki ni kazi ya akili.

Mwaka 1978 Warren Moon alitoka chuo kikuu akiwa ametajwa mchezaji bora wa Rose Bowl, moja ya mechi kubwa kabisa za vyuo. Siku NFL ilipochagua wachezaji wapya, hakuna timu iliyomtaja. Moon hakukubali kubadilishwa nafasi. Akavuka mpaka kwenda Kanada, akacheza Edmonton, na kutwaa ubingwa wa huko mara tano mfululizo. Ndipo mwaka 1984 Marekani ikamfungulia mlango, Houston, akiwa ni kwotabeki kama alivyotaka. Leo yuko kwenye jumba la heshima la mchezo huo. Wandugu, mtu alilazimika kuingia nchi jirani ili aruhusiwe kufanya kazi aliyoijua! Nani kati yetu anahitaji kuelezewa zaidi hapo? Tunao humu walimu wanaouza mkaa na wauguzi wanaosuka nywele.

Na kumbukeni, Moon sifa yake ilikuwa mkono. Alisimama mfukoni na kutupa kama wajuzi wanavyotaka. Haikumsaidia. Kwa hiyo msiniambie ubishi huu ulikuwa wa kiufundi siku zote. Mweusi akikimbia, "anakimbia tu." Akisimama, "hatuna uhakika naye."

Linganisheni na Fran Tarkenton, mzungu, aliyeanza mwaka 1961. Huyo alikuwa anachomoka mpaka mabeki wanachoka kumfukuza, kulia, kushoto, nyuma, tena kulia. Alipostaafu baada ya msimu wa 1978, ndiye aliyekuwa na rekodi ya ligi nzima ya yadi za pasi na ya pasi za kufunga. Mkimbiaji mkubwa wa zama zake aliondoka akiwa mtupaji mkubwa wa zama zote mpaka siku hiyo. Hakuna aliyemwambia akawe mpokeaji.

Tunafika kwa Lamar Jackson. Mwaka 2016 alishinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote. Ilipokaribia drafti ya 2018, siku timu zinapochagua, Bill Polian, kiongozi wa zamani wa timu aliyeheshimika sana, alisema kijana huyu ageuzwe mpokeaji. Jackson alifanya kitu ambacho mimi nakiona kikubwa kuliko mbio zake zote: alikataa kukimbia zile mbio za yadi 40 ambazo timu huwapima nazo vijana. Mtu mwenye kasi kuliko karibu kila aliyekuwepo aliwanyima saa yao. Hakutaka kipimo cha miguu kiwe cheti chake. Makwotabeki wanne walichaguliwa kabla yake. Yeye alichukuliwa wa 32, wa mwisho kabisa katika raundi ya kwanza.

Mwaka 2019 alikimbia yadi 1,206, rekodi kwa kwotabeki, akaipita ile ya Michael Vick ya yadi 1,039 ya mwaka 2006. Group yetu inaijua namba hiyo. Lakini msimu huohuo alitupa pasi 36 za kufunga, nyingi kuliko mtu yeyote kwenye ligi, na kura zote 50 za mchezaji bora zikamwendea yeye. Namba hiyo ya pili mbona haiji kwenye klipu? Polian mwenyewe mwaka huo alikiri hadharani kuwa alikosea.

Sasa angalieni mwaka 2024. Jackson alikimbia mara 139, wakati mwaka 2019 alikuwa amekimbia mara 176. Amepunguza. Yadi za pasi zilitoka 3,127 zikafika 4,172. Pasi za kufunga 41, zilizoibwa na wapinzani nne tu. Na bado mbio zake zilifika yadi 915. Hakuacha kukimbia ili aitwe kwotabeki wa kweli. Alichagua vizuri zaidi lini akimbie. Huo ndio uwiano ninaouzungumzia, na unajifunzwa mwaka hadi mwaka, kwa kuangalia video za mechi na kurudia hatua zile fupi ambazo hazina shangwe.

Najua mtanijibu. Mtasema mwili hauvumilii, mwangalieni Robert Griffin III. Kweli, jibu hilo lina uzito. Mwaka 2012, msimu wake wa kwanza Washington, alikimbia yadi 815 na kila mtu akampenda. Mwezi Desemba akaumia goti mwishoni mwa mbio. Januari 2013 akachezeshwa mechi ya mtoano dhidi ya Seattle na goti lile lile, likamwishia pale pale, akaingia chumba cha upasuaji. Hakurudi kuwa yule wa mwanzo. Lakini mnaposema "mbio zilimmaliza," mnawasahau watu wazima waliokuwa pembeni ya uwanja wakimwona anachechemea na wakamwacha aendelee. Kijana wa miaka 22 aliyezoea kusifiwa kwa ujasiri hatasema "nitoeni." Huyo anahitaji mkubwa wa kumtoa.

Na mfukoni nako si msikitini wala kanisani, kwamba ukiingia umesalimika. Jackson alipoumia goti Desemba 2022 na kukosa sehemu yote iliyobaki ya msimu, aliangushwa akiwa bado anatafuta wa kumtupia. Kusimama kuna hatari yake. Kukimbia kuna hatari yake, ila sheria imeweka mlango: kwotabeki akiteleza chini miguu mbele, mchezo unaishia pale, na beki atakayempiga baada ya hapo anaadhibiwa. Kujua lini ulale chini na kuridhika na yadi sita ulizopata, hiyo pia ni akili. Vijana wengi wanaiona ni woga, wanataka yadi ya saba.

Mtasema tena, sawa, lakini ubingwa unashindwa na wanaosimama. Hapo mmechelewa sana. Steve Young wa San Francisco, kwenye Super Bowl ya Januari 1995, alitupa pasi sita za kufunga, na siku hiyo hiyo hakuna mtu wa timu yoyote aliyekimbia yadi nyingi kuliko yeye. Februari 2023, kwa mara ya kwanza, makwotabeki wote wawili walioanza Super Bowl walikuwa weusi: Patrick Mahomes wa Kansas City na Jalen Hurts wa Philadelphia. Mahomes alikuwa na kifundo cha mguu kibovu. Dakika za mwisho, matokeo yakiwa sare, mfuko ukafunguka katikati, akakimbia yadi 26 akichechemea, na timu yake ikapata pointi tatu za ushindi, 38 kwa 35. Mtu ambaye kazi yake kubwa ni kutupa alishinda kwa kujua nafasi moja ya kukimbia. Miaka miwili baadaye Hurts akamlipa, 40 kwa 22, akiwa mchezaji bora wa mechi, pasi yadi 221 na mbio yadi 72. Nipeni sasa hoja nyingine.

Kwa nini nimewashikia bando zenu kwa jambo la mbali hivi? Kwa sababu kwa Kiswahili chetu mkimbiaji na mkimbizi wamezaliwa na kitenzi kimoja, na naona tunatendewa kwa mantiki moja.

Wakubwa wa mashirika, nawasema kwa heshima, lakini nawasema. Mkija na mradi wa vijana, mnakuja na mipira, ngoma, mbio za kilomita tano za siku ya wakimbizi, na picha. Tunashukuru, tunacheza. Kwenye ripoti mnatuandika "wastahimilivu," neno zuri linalomaanisha kwamba tulikimbia tukafika. Kikao cha kupanga bajeti ya mradi huohuo sisi hatumo. Mwaka mmoja mimi nilikaribishwa kwenye mkutano wa namna hiyo. Nikavaa shati la kola, nikaandika kurasa mbili kuhusu jinsi ya kuendesha maktaba yetu. Nilipofika nikaambiwa nafasi yangu ni ya kufungua kwa wimbo, kisha vijana watoke wapate soda, wakubwa waendelee. Zile kurasa mbili nilirudi nazo mfukoni, wa suruali safari hii.

Mnafikiri kukimbia kwetu kulikuwa kwa miguu tu. Mama anayetoka nyumbani usiku na watoto wanne anachagua njia ipi ina vizuizi, nani abebwe na nani atembee, sufuria ipi iachwe, aseme lugha gani akisimamishwa. Anasoma watu wanamjia kutoka pande zote na ana sekunde chache. Huyo akifika kambini mnampa kadi ya chakula na semina ya "kufanya maamuzi." Jamani!

Na sisi vijana tusijifiche nyuma ya mama. Nasi tumeipenda sifa ya mbio. Fursa ikionekana kule, tunachomoka. Kozi ya kushona miezi miwili, tukaiacha. Kozi ya kompyuta, tukaiacha. Fununu ya nchi nyingine, tumefunga begi. Wengine tuna sababu za kweli, mfuko umevunjika kweli, kubaki ni kuangushwa. Lakini wengine tunachomoka wakati ukuta bado umesimama na mpokeaji wa tatu yuko peke yake anapunga mkono. Hatukumwangalia, kwa sababu tulitosheka kuitwa wepesi.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Klipu ijayo ikiingia humu, kabla hujaandika "swala," irudie na umwangalie mtu huyo sekunde mbili kabla hajakimbia. Andika aliona nini, mabeki walikuwa wamesimama vipi, nani alikuwa wazi. Tubishane hapo.

Na nyinyi wakubwa, mwezi ujao mtakaa tena kupanga mradi wa vijana. Wekeni viti viwili vyetu mezani kuanzia mwanzo mpaka mwisho wa kikao, siku ya namba, sio siku ya nyimbo. Zile kurasa mbili za maktaba bado ninazo. Nimeziongezea ya tatu.